Chakula cha Chini ya Dungu

Mpendwa mama,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Shikamoo hii ipokee hata kama mwisho wa barua tutagundua kuwa wewe si mama yangu, kwa sababu umri wako unaistahili. Vipi hali yako? Macho yanaona hata kivuli, au yamefunga kabisa kama nilivyoambiwa? Na kile kifua nilichokisikia kikikohoa kwenye simu kimepoa? Mimi huku Bungu sijambo, alhamdulillah, miguu tu ndiyo inavimba kwa kusimama jikoni tangu alfajiri. Mkweo hajambo. Wajukuu zako hawajambo, ila bado sijawaambia kuwa wana bibi.

Nimeandika "mpendwa mama" kwa kuwa barua lazima ianze mahali. Kalamu ilisita hapo, sikufichi. Sijui bado namwandikia nani.

Na wewe unayemsomea, nawe nakusalimu. Nadhani ni Shamte, uliyejitambulisha kwangu kuwa mdogo wangu wa tumbo moja. Shamte baba, kwa huyo Mungu uliyeniapia kwenye simu, soma kila neno. Palipo pachungu usiruke, na palipo baridi usitie sukari. Barua sikuigundisha. Nimempa yule mama mchuuzi wa samaki anayeingia huko kwenu Delta kwa boti ya Nyamisati, nikamwambia akitaka aisome, na wenzake botini wakitaka waisome. Jambo la siri ndilo linalochezewa. Hili likijulikana na wengi, mmoja akipindisha, mwingine atasema hapana, haikuandikwa hivyo.

Mama, nianze na simu.

Ya kwanza iliingia baada ya swala ya alasiri, mabasi yamepungua, nakwangua masufuria.

"Dada Somoe?"

"Nani mwenzangu?"

"Mimi mdogo wako."

"Mdogo wangu wa wapi? Mimi nimezaliwa peke yangu."

"Wa huku Delta, dada. Mama yetu mmoja."

Sisi wa huku, tangu ile miaka mibaya ya mauaji, tulijifunza kumwangalia mgeni mara mbili kabla ya kumpa kiti. Basi nikamsubiri aseme lile neno la matapeli, "tuma kwenye namba hii". Hakulisema. Aliuliza hali za watoto, akasema mama yetu haoni na anataka kuja kukaa kwangu siku zake zilizobaki, akaniaga vizuri. Kesho yake akapiga tena, akasalimia, hakuomba kitu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Mtu anayeomba unajua anataka nini. Asiyeomba utamjuaje?

Nikamweleza Bi Tatu, shoga yangu, anayekaanga samaki kwenye banda la pili kutoka langu.

"Huyo anakuzoesha," akaniambia. "Kama kuku wa kienyeji. Leo anakurushia punje, kesho punje, keshokutwa kisu."

"Mbona hajanirushia hata punje, Tatu?"

"Ndiyo hapo sasa! Huyo mjanja kuliko wote."

Tukacheka, lakini kicheko changu kilikuwa cha mdomoni. Mara ya tatu Shamte akasema subiri, akakupa simu. Nikasikia pumzi, halafu sauti ikasema, "Somoe." Basi. Kikafuata kikohozi, na simu ikarudi kwake. Bi Tatu alikuwa pembeni yangu ameegesha sikio. "Siku hizi hata sauti wanatengeneza," akanong'ona.

Sijui kama wanatengeneza. Ninachojua ni kwamba sauti ya mama yangu iliyo kichwani mwangu ni ya mwanamke aliye rika la binti yangu Rehema wa leo. Niifananishe vipi na ya kikongwe? Nimekaa miaka yote hii naitunza sauti moja, sasa mnaniletea nyingine mnasema ndiyo hiyohiyo.

Vitu vyako ninavyovikumbuka ni vichache, mama, tena nimevitumia mpaka vimechakaa kama kanga ya kulalia. Nakumbuka ukoko. Ukishapakua wali kule kijijini kwetu Umwe, ulikuwa ukibandua ukoko chini ya chungu, unaupulizia, unanipa mkononi nyuma ya mlango baba asione, maana baba naye alikuwa mtu wa ukoko. "Tafuna taratibu, usipige kelele," uliniambia. Mpaka leo najua kutafuna ukoko bila sauti. Abiria wa mabasi ninaowapikia bandani hawautaki, wakiuona kwenye sahani wanasema mama ntilie ameunguza. Basi naula mwenyewe jikoni, kimya, na hapo hakuna baba wa kumficha.

Nakumbuka ukinifundisha Alhamdu. Nilikuwa nalala kabla ya kufika Amin, unanikanyaga kidole gumba cha mguu, naamka namalizia.

Na nakumbuka asubuhi uliyoondoka. Ulinikalisha kwenye kinu kilicholala, ukanisuka mtindo wa twende kilioni, ngumu mpaka nyusi zikapanda.

"Mama, unaniumiza."

"Vumilia. Nakusuka za kudumu."

Sikuuliza zidumu kwa nini. Ulipomaliza ulijitwisha mzigo wako, mjomba akatangulia, mkashika njia ya bondeni kuelekea mtoni, kwenu ng'ambo, kwenye vilima vya Kimatumbi. Niliambiwa unakwenda kumwuguza bibi mzaa wewe. Neno talaka nililisikia baadaye, kwa watoto, tukicheza. Nywele zile nilikataa zisifumuliwe. Kila aliyenisogelea nilimwambia, "Mama atafumua mwenyewe." Zikafanya matimutimu, zikaingia chawa, mpaka bibi mzaa baba akanishika kwa nguvu akazinyoa kwa wembe. Nililia siku ile kuliko nilivyolia ulipoondoka. Ulipoondoka nilijua utarudi kuzifumua. Zilipokwisha, sikuona tena utarudia nini.

Baba akaoa. Mama wa kambo hakuwa mtu mbaya, sitamsengenya, amekwisha tangulia mbele ya haki. Hakunipiga. Alinisahau tu. Akigawa chakula anahesabu wanawe, akimaliza ananiona, anasema "ah, na wewe," kisha anatazama chungu. Baba alikuwa mtu wa kukata boriti huko kwenye mikoko, anaonekana mwezi kwa mwezi. Hivyo ulipofika msimu wa mpunga wanawe walibaki kijijini kwa ajili ya shule, na mimi nikashushwa bondeni na bibi, kukaa dunguni kuamia ndege.

Shamte, wewe uliyezaliwa kwenye mikoko huenda dungu hulijui. Ni kibanda juu ya nguzo ndefu katikati ya shamba, kwa sababu mto ukifurika maji yanapita chini yako. Unapanda kwa ngazi. Mpunga ukianza kutia maziwa ndege wanashuka kama wingu, na kazi ya mtoto ni kukaa juu, kuvuta kamba zilizofungwa makopo, kupiga kelele na kurusha madongo kwa kombeo kuanzia kunapambazuka hadi jua linazama. Mtoto mwenye nduguze hiyo kwake ni raha, wanaimba, wanashindana. Dungu la jirani yetu walikuwa wengi. Letu nilikuwa mimi, na bibi siku alizopenda. Bibi alikuwa mtu wa misiba na ngoma na kutafuta dawa ya miguu. Akipanda kijijini asubuhi anasema "narudi sasa hivi", na sasa hivi yake naijua mwenyewe.

Jua likishuka mama wa dungu la jirani alikuwa akiita wanawe wale. "Ashaaa! Jumaaa! Mwajumaaa!" Mmoja mmoja wanaitika. Mimi nilikuwa nikingoja amalize, kisha naitika polepole, "Abee." Siku moja Juma akanisikia.

"Wewe nani kakuita?"

"Nawaitikia ndege."

"Haya, mke wa ndege!" akapiga yowe, na jina likanishika bonde zima. Waliniimbia mpaka mavuno. "Mke wa ndege, mumeo kaja na suti ya kahawia!"

Nikwambie kitu, mama, kama ni wewe. Hawakukosea sana. Nilikuwa nawafukuza ndege mchana kutwa, na wakiondoka wote upweke unazidi, shamba linakuwa kimya mpaka nasikia masikio yangu. Basi mara nyingine naiachia kamba makusudi, watue kidogo, nipate wa kusema nao. Nilikuwa nimewagawia ukoo. Yule mnene baba, yule mwenye haraka shangazi. Mama sikumpa ndege yeyote. Nafasi ile niliiacha.

Sasa nafika kwenye chakula.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekwenda ukingo wa mbali wa shamba, ndege wamelalia huko. Niliporudi nikakuta kifurushi cha jani la mgomba kwenye kipago cha chini cha ngazi. Jani bado lina joto. Nikafungua kona kwa kijiti. Wali wa nazi, na kipande cha kambale juu. Mimi tangu asubuhi nimekula muhogo mbichi.

Na sikukila. Bibi alikwisha nifunza: chakula usichokiona kikipikwa usile, watu watakufanya msukule, mwili wako tutauzika sisi na wewe uko unalimia mashamba ya wengine. Kisha, akidhani sielewi, aliwahi kumwambia mwenzake, "Mama yake huyu mkono wake haujatulia." Mtoto anaelewa, mama. Sikujua maana yake, lakini nilianza kuuogopa mkono wako, mkono uleule wa ukoko.

Nikakisukuma kifurushi kwa fimbo hadi nyuma ya kichuguu, nikasema audhubillahi, nikakimwaga. Kunguru wakaja. Bibi akarudi akawakuta.

"Nimekuweka hapa ufukuze ndege, au uwafanyie karamu?"

Nikachapwa. Sikusema chakula kimetoka wapi. Hata hilo sijui kwa nini.

Kikaja tena. Si kila siku, kulikuwa na siku za kupita kavu, halafu kinatokea, kipago kilekile. Nakimwaga. Tumbo linanung'unika na mimi namwaga. Kutazama huku na huku hakuna mtu. Mara moja tu niliona mpunga ukitikisika kuelekea mtoni, vile unavyotikisika nguruwe akipita. Nikapiga kelele za kufukuza nguruwe, nikaweka dongo kwenye kombeo nikarusha kwa nguvu zangu zote. Mpunga ukatulia, kisha ukaendelea kutikisika, taratibu zaidi. Kama ulikuwa wewe, sijui kama lilikupata.

Miaka yote nimeishi na fumbo la chakula kile. Sasa Shamte anapiga simu ya nne, naye anasema, "Dada, mama ananituma nikwambie hivi: kile chakula cha chini ya dungu ulichokuwa ukikimwaga, alikuwa akikikuta kwa kunguru."

Niliizima simu. Simaanishi niliikata, niliizima kabisa, nikaitia kwenye debe la unga, nikafunika.

Nilikaa siku kadhaa nikiligeuza neno hilo. Kwanza nilifurahi, Mungu ananiona, nilifurahi mpaka nikatia chumvi chai ya abiria. Kisha mashaka yakanirudi, maana mashaka ndiyo maziwa niliyonyonyeshwa baada ya yako. Hadithi ile si siri. Niliwahi kuisimulia arusini kule Mtunda, kwa binti wa Bi Tatu, wanawake duara zima tunamenya vitunguu. Walicheka mpaka machozi, mengine ya vitunguu. "Huyo alikuwa mchumba, kaanza kutoa posa!" mmoja akasema. Wengine wao wana ndugu Nyamisati, wana ndugu visiwani. Neno halihitaji nauli. Shamte angeweza kulipata popote, akalipamba, akasema mama kasema.

Tena kuna hili. Kama ni wewe, kwa nini hukuniita? Shamte anadai ulikatazwa, kwamba bibi alikula yamini ukionekana shambani kwake atakusingizia uchawi mbele ya watu, na kwa wakati ule neno hilo lilitosha kumfukuzisha mtu. Inawezekana. Bibi namjua. Lakini mimi nami ni mama, mama, na nimejiuliza nikiwa kwenye msala: nani angenizuia kuipanda ngazi ile mwanangu yuko juu? Nimetafuta sana mtu huyo, sijampata. Hapo ndipo roho yangu haikai. Mtu anayetaka mwanawe ale anamwonyesha uso wake.

Halafu usiku unapita, asubuhi nafikiri kinyume. Ungeuonyesha uso ningefanyaje? Ningekimbia. Ningekwenda kusema. Walikwisha nifanya niwe mlinzi wao dhidi yako, na ulinzi nilikuwa nauweza, ukimuuliza ndege yeyote wa msimu ule.

Bi Tatu anasema nisikupokee. "Mzee asiyeona, wamechoka naye huko, wanamtafutia mlango. Leo umekuwa mwana kwa sababu una nyumba ya bati kando ya lami." Amesema kwa mapenzi, usimchukie. Na mimi nimewaza hayo kabla yake, tena mabaya zaidi. Mkweo, Baba Rehema, ni mtu wa baiskeli, anatengeneza baiskeli na kusema kidogo. Alinisikiliza wiki nzima, kisha akaweka spana chini.

"Hiyo hadithi yako ya chakula," akasema, "kuna kipande hukumwambia mtu?"

Nikafikiri. "Kipo."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

"Basi muulize hicho, upate kulala. Na mimi nilale."

Akaanza kukisia ni kitu gani, nikamziba mdomo kwa kiganja.

Kipande chenyewe ni hiki, na hapa Shamte soma taratibu. Kifurushi kilikuwa kimefungwa. Watu hufunga kwa ukindu, au kwa kamba ya mgomba, kile hakikufungwa hivyo. Kilifungwa kwa kitu kingine, kila mara hichohicho, fundo limekaa ubavuni. Chakula nilikimwaga chote nilichokimwaga, lakini kile cha kufungia sikukitupa. Nilikuwa nakichomeka kwenye makuti juu ya kichwa changu, na ndege wakitulia nakichomoa, nakishika, nakinusa. Mtoto aliyeogopa kuwa msukule alikuwa amejifungia msukule wake darini. Msimu ulipokwisha dungu likavunjwa, makuti yakachomwa navyo vyote ndani. Sijamwambia mtu. Bi Tatu hajui, mume hajui, arusini sikulisema. Anajua Mungu, najua mimi, na anajua aliyefunga.

Nakuuliza wewe, mama, wewe peke yako: kilifungwa kwa kitu gani?

Hapa chini ya swali nilikuwa nimeandika kwamba usipojua usije. Nikalifuta neno hilo, mtaona karatasi imechubuka. Nililifuta kwa kuwa nilikumbuka na mimi naingia chumbani nasahau nilichofuata, na sijafika hata nusu ya uzee wako. Basi kama umesahau, sema umesahau. Usikisie, na mtu asikisie kwa niaba yako. Mama aliyesahau naweza kumpokea. Aliyefundishwa la kusema sitaweza, hata akilitaja sawasawa.

Na kama hukuwa wewe, sema hukuwa wewe. Huenda alikuwa mama wa dungu la jirani, aliyenisikia siku zote nikiitika asiponiita. Nimelifikiria hilo pia. Basi nijue ni nani wa kumwombea dua, maana mpaka leo namwombea mtu asiye na jina, nasema "na yule wa dunguni, ya Rabbi", na Mungu ananielewa.

Kuna chumba uani. Nimekipaka chokaa, nimetia kitanda cha kamba na chandarua, kisha nimekifunga kwa kufuli na ufunguo nimeuvaa shingoni. Rehema alipouliza ni cha nani nilimwambia cha magunia ya mchele. Ameona hakuna gunia lililoingia. Hajauliza tena, ila juzi nilikuta ameweka ndoo ndogo na kata mlangoni, kwa nje. Watoto hawa.

Nimebakiza neno moja, na nililiweka mwisho kwa sababu nilikuwa sijui kama nitakuwa na moyo wa kuliandika.

Cha mwisho sikukimwaga.

Mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Bibi alikuwa ameondoka tangu jana yake. Nilikikuta kwenye kipago, nikakiangalia, nikachukua fimbo, nikaiweka. Nikasema moyoni, kama ni msukule na niwe, huko angalau tutakuwa wengi. Nikasema bismillahi. Nikala wali wote, mama, mpaka punje zilizogandia kwenye jani, jani lenyewe nikalilamba. Kisha nikapanda juu, nikalala chali nikingoja kugeuzwa. Nililala usingizi mtamu, ndege wakala watakavyo.

Kesho yake nilikuwa mimi yuleyule. Nikaosha mikono, nikakaa kwenye ngazi mapema, sikuvuta kamba hata moja nisimtishe anayekuja. Hakuja mtu. Kesho nyingine nikakaa tena. Nikakaa hivyo mpaka watu walipoingia shambani na visu vya kuvunia. Baadaye ndipo nikasikia umeolewa, mume amekupeleka Delta.

Nimekuwekea kinyongo kwa hilo miaka mingi, kwamba siku niliyokubali ndiyo siku uliyoniacha. Lakini tangu Shamte alete habari ya kunguru nimeanza kuliona upande wa pili. Kama ni wewe, ulikuwa ukirudi kutazama, na kila uliporudi ulikuta kunguru. Pengine ile ya mwisho hukurudi tena kutazama. Pengine ulivuka mto ukijua mwanao hakitaki cha mkono wako, na umekaa na hilo huko kwenye mikoko kama mimi nilivyokaa na langu huku.

Basi kama ni wewe, na ujue leo. Kilikuwa kitamu. Chumvi tu ilizidi kidogo.

Mama mchuuzi anarudi Bungu wiki ijayo, mpe majibu. Au tumia simu, nimeshaitoa kwenye unga, lakini useme mwenyewe, na Shamte atoke nje mpaka umalize. Naomba unijibu upesi.

Mwanao, ikiwa ni wewe,
Somoe wa dunguni